Kompyuta imesoma picha ya kifua chako: sasa ufanye nini?

Unakohoa wiki ya pili sasa. Gari la uchunguzi wa kifua kikuu (TB) limeegeshwa sokoni, na unaambiwa picha yako ya eksirei itasomwa na kompyuta. Usiogope, panga foleni.

Inasomaje? Programu yake imeonyeshwa maelfu ya picha za mapafu, ya wagonjwa na ya wazima, mpaka ikajifunza kukitambua kivuli cha ugonjwa. Hiyo ndiyo akili mnemba. Mojawapo ya programu hizo, CAD4TB, iliendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, akiwemo Bram van Ginneken. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza programu za namna hii kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Picha ya mtoto mdogo zaidi isomwe na daktari.

Kabla ya kupigwa picha, vua mkufu na nguo yenye vifungo vya chuma. Mionzi ni kidogo, ila mjamzito aseme mapema.

Dakika chache baadaye hutoka alama, kwa CAD4TB kati ya 0 na 100. Hapa wengi hukosea. Alama 70 haimaanishi una TB kwa asilimia 70. Ni kiasi cha shaka tu. Kovu la TB ya zamani au nimonia huweza kuipandisha. Ukivuka kiwango kilichowekwa utaombwa makohozi, na hayo ndiyo yatakayothibitisha. Tafadhali usiondoke kabla ya kuyatoa.

Sukutua kwa maji, sogea mahali pa wazi mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani. Mate ya mdomoni hayafai. Funga kikopo vizuri. Mashine ya GeneXpert hupima makohozi kwa muda usiofika saa mbili, ingawa foleni ya maabara yaweza kukuchelewesha.

Gharama je? Tanzania na Kenya, kipimo cha makohozi na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali. Picha ndiyo huweza kulipiwa hospitalini, kwa hiyo uliza kwanza. Ukikutwa na TB ya kawaida, dawa humezwa miezi 6.

Na kama alama ni ndogo lakini bado unakohoa, unapata homa za jioni, jasho la usiku, au unakonda? Rudi kituoni uombe kupimwa makohozi. Mwenye VVU asisubiri kikohozi kifike wiki mbili. Akianza tu kukohoa, aende.