Umeme wa Moyo

Mchumaji wa karafuu kisiwani Pemba akishuka mtini, moyo wake humwenda mbio. Ni nini kiuendeshacho? Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja.

Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo sana, utokao sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia. Umeme huo ukienda ovyo, damu yaweza kukosa kusukumwa, na mtu akafa.

Mwaka 1960 Denis Noble, mtaalamu wa Uingereza, aliandika hesabu za umeme wa chembe hai ya moyo, akazitia katika kompyuta izikokotoe. Majibu yalionyesha mapigo yakijirudia yenyewe.

Sasa ruka mara 20, kisha uhesabu tena.