UCHUNGU WA KUZAA: MAMA ANASIKIA NINI, NA BABA AFANYE NINI?

Kuna methali isemayo, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Maana yake tunaielewa na hatuna ugomvi nayo. Lakini tunashuku kwamba aliyeitunga alikuwa mwanamume, na kwamba siku mkewe alipojifungua yeye alikuwa safarini.

Wanandoa wengi husali pamoja, huchuma chai pamoja na kupanga pamoja karo ya watoto, lakini jambo hili moja hawajawahi kulizungumza. Bwana anajua tu kwamba "mama ameshikwa". Ameshikwa wapi? Kwa muda gani? Maumivu yenyewe yako namna gani? Hajui. Na mke mwenye mimba ya kwanza mara nyingi naye hajui, maana waliomtangulia wamemwambia, "Utajua tu siku ikifika." Jibu hilo halimsaidii mtu saa nane za usiku, mvua inanyesha na barabara ni utelezi mtupu.

Huku kwetu Kisii na Nyamira kimya hiki kina jina. Kinaitwa chinsoni, ile heshima na haya inayotenga kizazi na kizazi. Mke hatamki mimba yake mbele ya baba mkwe, na baba mkwe haingii nyumbani kwa mwanawe. Mtafiti Mmarekani Robert LeVine, aliyeishi na Wagusii katika miaka ya 1950, aliandika mengi juu ya haya hiyo. Sisi hatuisemi vibaya, kwani imelinda boma nyingi. Lakini jiulizeni: ikiwa bwana yuko kazini Nairobi au Kericho, na nyumbani amebaki mke na baba mkwe tu, ni nani atakayeambiwa kwamba uchungu umeanza? Mama wengi wamejikaza kimya mpaka wakachelewa, si kwa ujinga bali kwa adabu.

Ndiyo maana hata majina yetu yanasimulia. Nyanchera ni binti aliyezaliwa njiani, kwa maana enchera ni njia. Kwamboka ni wa kuvuka mto. Ni majina mazuri sana. Hata hivyo, binti zetu wa leo wanaweza kuyapata kwa kurithi kutoka kwa nyanya zao, bila mama kujifungulia tena kando ya barabara.

Maumivu yenyewe

Tumbo la uzazi ni msuli, tena msuli wenye nguvu kupita wengi mwilini. Wakati wa uchungu msuli huo hukaza, kisha hulegea, hukaza tena, hulegea tena. Kila ukikaza unamsukuma mtoto chini, na wakati huo huo unauvuta juu mlango wa kizazi ili ufunguke. Mmewahi kumvika mtoto sweta yenye shingo nyembamba asubuhi ya baridi? Kichwa kinasukuma huku wewe unavuta sweta, na shingo ya sweta inapanuka kidogo kidogo mpaka kichwa kinatokeza. Kazi ni kama hiyo, ila mlango wa kizazi unatakiwa kufikia upana wa sentimita 10, na hakuna njia ya mkato.

Mwanzoni mama wengi husikia kama maumivu ya mwezi, au kama tumbo lililokula kitu kibaya. Wengine husikia mgongo tu, chini kabisa penye kiuno, wakadhani ni uchovu wa shamba. Baadaye maumivu yanatoka mgongoni, yanazunguka pande zote mbili na kukutana mbele chini ya kitovu, kana kwamba mtu amemfunga leso kiunoni akawa anaisokota. Ukiweka mkono juu ya tumbo wakati huo utalikuta limekuwa gumu. Gusa kipaji cha uso wako: ugumu ni kama huo. Maumivu yakipita, tumbo linalegea.

Jambo ambalo waume hawalijui ni kwamba uchungu hauji wote kwa pamoja ukakaa. Ni kama kuupanda mlima wa Manga. Unaanza polepole, unapanda, unafika kileleni pumzi imekwisha, kisha unateremka. Safari yote hiyo ni dakika moja hivi au pungufu. Halafu kuna kupumzika, na mapumziko hayo ni ya kweli: mama anaweza kunywa chai, kuongea, hata kusinzia. Kisha mlima mwingine. Anayejua kwamba kilele hakidumu huvumilia kwa namna tofauti na yule anayedhani maumivu yataongezeka tu bila kikomo.

Kadiri saa zinavyokwenda, milima inakuwa mirefu na mabonde yanakuwa mafupi. Uchungu ukikolea, huja mara tatu hadi tano katika kila dakika 10. Mama haongei tena wakati wa maumivu. Karibu na mwisho wa kufunguka mama wengi hutetemeka, hutapika, husikia joto na baridi kwa zamu, na husema, "Siwezi tena!" Wengine humfukuza mume au kumtolea maneno makali. Bwana, usiyaweke moyoni. Kwa kawaida maneno hayo ni dalili kwamba mtoto yu karibu.

Halafu maumivu yanageuka. Mama anasikia kusukuma, na kusukuma huko kunafanana kabisa na kutaka kwenda haja kubwa. Hapa tunaomba kila mama mkwe na kila shemeji asome mara mbili: mama mwenye uchungu akisema ghafla anataka choo kikubwa, asiachwe aende peke yake kwenye choo cha shimo. Huenda ni mtoto anayekuja. Mwisho kabisa, kichwa kinapotokeza, kuna kuungua kama pilipili kwa sababu ngozi inatanuka. Kuungua huko ni kwa muda mfupi, na mkunga anaweza kumwambia aache kusukuma na kupumua tu, asichanike.

Mama wawili hawafanani, wala mimba mbili za mama mmoja hazifanani. Kwa hiyo msimpime mke wenu kwa dada yake aliyejifungua "bila kelele".

Wa uongo na wa kweli

Wiki za mwisho tumbo huweza kukaza bila kuwa uchungu wenyewe. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks alieleza jambo hili mwaka 1872, na mpaka leo madaktari hulitaja kwa jina lake. Sisi tunauita uchungu wa uongo. Huja ovyo, mara baada ya dakika 20, mara baada ya saa nzima. Mama akinywa maji, akitembea kidogo au akilala ubavu, unapungua. Uchungu wa kweli haudanganywi kwa kutembea. Unafuata saa, na kila saa unakuja karibu zaidi, mrefu zaidi, mkali zaidi. Huenda ukafuatana na ute wenye damu kidogo.

Hapa ndipo baba anapopata kazi yake ya kwanza: kushika saa. Hesabu kutoka mwanzo wa maumivu hadi mwanzo wa maumivu yanayofuata, ukaandike nyuma ya daftari au popote. Mama wa mimba ya kwanza aliye karibu na hospitali anaweza kungoja nyumbani mpaka yawe kila dakika tano kwa muda wa saa moja. Lakini ninyi mlio ndani ya vilima vya Bobasi au South Mugirango, au kule Borabu mnakopaswa kungoja gari, msingoje dakika tano. Maumivu yakishakuwa ya mpango, hata kila dakika 10, ondokeni. Na mama wa mtoto wa tatu au wa nne asihesabu sana, maana njia imekwisha kufunguliwa na mtoto anaweza kufika kabla ya bodaboda.

Yapo mambo yasiyongojea hesabu yoyote: damu inayotoka kama ya mwezi au zaidi, maji ya uzazi kuvunjika, hasa yakiwa ya kijani, mtoto kuacha kucheza, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa, uchungu kuanza kabla ya wiki 37, au mama aliyewahi kupasuliwa kusikia uchungu wowote. Hapo ni hospitali moja kwa moja, tena yenye chumba cha upasuaji, kama ile ya rufaa ya Kisii, ya kaunti pale Nyamira, au ya misheni ya Tabaka kule kwenye mawe ya kuchonga. Ulizeni kliniki mapema ni ipi iliyo karibu nanyi, na njia ipi inapitika wakati wa masika. Gharama pia ziulizeni mapema. Bima ya NHIF iliondolewa Oktoba 2024 na mahali pake pakachukuliwa na SHA, hivyo hakikisheni wote wawili mmejiandikisha kabla ya tumbo kukaza.

Na dawa za mitishamba za "kuharakisha"? Tunasema wazi: hapana. Hakuna anayejua kipimo chake, na msuli ukikazwa kupita kiasi unaweza kumnyima mtoto hewa, au hata kupasuka. Dawa ya kuongeza uchungu ipo hospitalini, nayo hutolewa kwa kipimo mama akiwa anaangaliwa.

Uchungu ukikawia

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba uchungu uliokolea huhesabiwa tangu mlango wa kizazi ufikie sentimita tano, na kwamba kutoka hapo mama wa kwanza kwa kawaida hapiti saa 12, na aliyekwisha kuzaa hapiti saa 10. Zile saa za mwanzo kabla ya sentimita tano hazina kipimo maalumu. Zaweza kuwa usiku mzima na mchana wake. Kwa hiyo mama akiambiwa hospitalini kwamba bado yuko sentimita tatu, si kwamba amedanganya wala si mvivu.

Twajua imani ya amasangia, yaani mabaya yanayosemekana kuiandama nyumba mke akitoka nje ya ndoa. Wapo bado wanaoona uchungu uliokawia kuwa ushahidi, wakamzunguka mama wakimtaka ataje jina la mwanamume. Ndugu zangu, mtoto hukawia kwa sababu kichwa ni kikubwa kuliko njia, au amelala akitazama juu, au maumivu ni hafifu. Ni mambo ambayo mkunga anayaona kwa mikono na macho yake. Saa inayotumika kumhoji mke ni saa iliyopotea ya kumfikisha kwa daktari. Tena fikiri atakavyokumbuka: alipokuwa katika shida kuu kuliko zote, mume wake alimwuliza swali gani?

Kazi ya bwana

Wengine watasema kwamba Maandiko yenyewe yamempa mwanamke uchungu, basi avumilie. Papa Pio XII alilijibu hilo alipozungumza na madaktari tarehe 8 Januari 1956: maneno ya kitabu cha Mwanzo hayamkatazi mama kutafuta njia halali za kupunguza maumivu ya kuzaa. Na Bwana wetu, katika Yohane sura ya 16, anapotafuta mfano wa huzuni inayogeuka furaha, anamchukua mama mwenye uchungu. Hakuona haya kumtaja.

Mambo ya kufanya si makubwa. Uchungu wa mgongo hupungua mtu akikandamiza kwa nguvu, kwa kiganja, pale chini penye mfupa wa kiuno. Mwulize mwenyewe kama anataka zaidi au kidogo. Mwache atembee, aegemee ukuta au akutegemee wewe begani. Akilala, alale ubavu, si chali. Mpe maji, chai au uji mwepesi kama mkunga hajamkataza. Kilele kikija, pumua naye polepole, na usimwambie "nyamaza, majirani watasikia". Kulia si dhambi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu wa kumchagua mwenyewe pembeni yake anapojifungua. Hata hivyo wadi nyingi za serikali zina vitanda vingi pamoja, na mwanamume haruhusiwi kwa ajili ya staha ya mama wengine. Ulizeni kliniki kabla ya siku. Ikiwa hutaruhusiwa, mchague naye mwanamke atakayeingia: mama yake, dada, au jirani anayemwamini. Achague mke, si wewe. Na kwa ajili ya ile chinsoni, pataneni mapema ni mwanamke gani bomani atakayeambiwa kwanza, na pesa za gari ziwekwe kwake, si katika simu ya bwana aliye mbali.

Neno moja zaidi, maana limewashtua waume wengi. Mtoto amekwisha zaliwa, mmerudi nyumbani, mama anamnyonyesha, na ghafla anakunja uso kwa maumivu. Ni tumbo la uzazi linakaza tena ili lirudi udogo wake na kuzuia damu, na kunyonyesha ndiko kunakoliamsha. Kwa mtoto wa kwanza huenda asisikie sana. Kwa wa tatu na wa nne huuma kweli kweli, kwa siku mbili au tatu. Mletee kitu cha moto anywe, na umwulize mkunga ni dawa gani ya maumivu inayomfaa anayenyonyesha. Lakini akijaza pedi nzima kwa damu ndani ya saa moja, au akipata homa, au uchafu ukitoka na harufu mbaya, usingoje asubuhi. Mrudishe hospitali usiku huo huo.