Kujifunza kwa mikono na kwa miguu: somo kwa wazazi, walimu na viongozi



Katika toleo hili tunazungumzia shule ya msingi. Wengi wenu mmeacha makazi yenu zaidi ya mara moja. Wengine mlikuwa katika kambi zilizozunguka Goma hadi zilipovunjwa mnamo Februari 2025, na sasa mnaishi kwa jamaa, kwa wenyeji, au mmerudi katika vijiji mlivyovikimbia. Mtoto wa familia kama hiyo akiingia darasa la tatu, anakaa na watoto asiowajua. Hana kitabu, na mara nyingi amewazidi wenzake umri. Mwalimu naye ana wanafunzi 60 au zaidi na ubao mmoja. Afanye nini?

Tunashauri mambo mawili: atumie vitu vilivyopo, na awatoe watoto nje ya darasa.

Lengo la somo hili

Baada ya kusoma, tutaweza kueleza faida ya mazoezi ya vitendo, kufanya mazoezi mawili yasiyo na gharama kubwa, na kupanga matembezi ya masomo bila kuhatarisha watoto.

1. Jambo hili si geni

Mababu zetu walifundisha kulima kwa kumpa mtoto jembe, wala hawakumwandikia neno “jembe” ubaoni. Shuleni pia wako walimu waliofuata njia hiyo. Mmoja wao ni Célestin Freinet, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1896. Katika vita kuu ya kwanza, mwaka 1917, alijeruhiwa kifuani. Alipoanza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup mwaka 1920, mapafu yake hayakumruhusu kusema kwa muda mrefu. Akawa anawatoa watoto kwenda kutazama mashamba na kazi za mafundi. Wakirudi darasani waliandika walichokiona, na baadaye wakakichapa wenyewe kwa mashine ndogo. Mwaka 1935 alifungua shule yake huko Vence, na humo akapokea watoto waliokimbia vita vya Hispania (1936–1939). Hivyo njia hii imekwisha kutumika kwa watoto waliopitia yale ambayo watoto wetu wamepitia.

2. Zoezi la kwanza: kamba ya mita 12

Tafuteni kamba, pimeni mita 12, fungeni fundo kila mita moja, kisha unganisheni ncha zake mbili. Gawanyeni watoto katika vikundi, na kila kikundi kiwe na watoto wa wenyeji na watoto wa familia zilizohama.

Kwanza, watoto watatu washike kamba mahali patatu: upande mmoja uwe na mita 3, wa pili mita 4, wa tatu mita 5. Wakiikaza vizuri, pembe iliyo kati ya upande wa mita 3 na ule wa mita 4 itakuwa pembe mraba, kama kona ya nyumba. Mafundi wengi wa ujenzi hutumia njia hii. Mmoja akilegeza kamba, pembe inapotea. Kwa hiyo kila mtoto anahitajika, hata yule ambaye bado hajaizoea lugha ya darasa.

Pili, watoto wanne waishike kamba ile ile na kufanya “mashamba” uwanjani:

– mita 3 kwa mita 3: eneo ni mita 9 za mraba;
– mita 4 kwa mita 2: eneo ni mita 8 za mraba;
– mita 5 kwa mita 1: eneo ni mita 5 tu za mraba.

Wachore miraba ya mita moja ndani kwa fimbo na kuihesabu wenyewe. Mwalimu asiwape jibu mapema. Watoto watashangaa: kamba ni ile ile, mzunguko ni ule ule, lakini shamba moja ni karibu mara mbili ya lingine.

Viongozi, hapa tuwe makini. Katika Kivu zote mbili, magomvi mengi huanzia kwenye ardhi. Mtu akipima shamba kwa kulizunguka kwa hatua tu, anaweza kuamini kwamba amegawa sawa, kumbe amempunja ndugu yake. Mtoto aliyehesabu ile miraba kwa mikono yake ataelewa hivyo akiwa mtu mzima. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini zoezi lifanyike katika uwanja wa shule, kamwe lisifanyike kwenye shamba lenye mgogoro. Watoto si mashahidi wala wapimaji wa ardhi.

3. Zoezi la pili: maji meupe na maji salama

Jazeni chupa maji ya mto yenye matope, muiache itulie hadi kesho yake. Watoto waandike au wachore walichoona: matope yameshuka chini, maji ya juu yameng’aa. Kisha mwalimu aulize, “Je, tunaweza kuyanywa?” Wengi watasema ndiyo. Hapo ndipo somo lilipo: vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu havionekani kwa macho, na maji yanayong’aa yanaweza kuwa navyo. Lazima maji yachemshwe au yatiwe dawa. Kuni na dawa zikikosekana, maji yaliyokwisha kung’aa yanaweza kutiwa katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, na kulazwa juani kwa saa 6. Mawingu yakiwa mengi, ziachwe siku 2 nzima.

Mtoto huyu akirudi nyumbani, atamweleza mama yake. Kwa njia hiyo somo moja linafika katika nyumba nyingi.

4. Matembezi ya masomo

Si lazima kukodi gari. Chemchemi, soko, karakana ya seremala, au miamba ya lava iliyotoka Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, yote hayo ni vitabu vilivyofunguliwa. Fuateni hatua tatu:

Kabla: mwalimu aende peke yake kwanza. Watoto watayarishe maswali matatu. Wazazi na chefu wa kijiji wajulishwe na kukubali.

Wakati wa matembezi: watoto watembee katika vikundi vya 10, kila kikundi na mtu mzima. Kila mmoja awe na kazi: kuhesabu, kuchora, kuuliza, kukumbuka.

Baada: darasa liandike pamoja habari moja ya matembezi. Bila hatua hii, watoto wamecheza tu.

5. Usalama

Msiende mahali ambapo mapigano yalipita bila kuwauliza wanaopajua. Mtoto asiguse chuma asichokijua. Arudi nyuma kwa njia aliyojia na kumwita mtu mzima.

Karibu na Goma na kandokando ya Ziwa Kivu kuna mazuku. Ni gesi nzito kuliko hewa, haionekani, na hukaa katika mabonde na mashimo, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Mtoto yuko hatarini zaidi kwa sababu kichwa chake kiko karibu na ardhi. Mkiona wadudu au ndege waliokufa mahali pa chini, ondokeni mara moja kuelekea juu.

6. Kazi ya wazazi na viongozi

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na utekelezaji wake ulianza Septemba 2019. Basi matembezi yasigeuke kuwa minervali mpya. Mzazi asiye na pesa anaweza kutoa kamba, chupa tupu, au asubuhi moja ya kusindikiza watoto. Na mzee anayeijua historia ya chemchemi ya kijiji ni mwalimu siku hiyo, awe mwenyeji au mgeni.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni vitu gani katika mtaa wetu vinavyoweza kufundishia hesabu?
2. Katika shule yetu, watoto wa wenyeji na wa waliohama wanakaa pamoja au mbalimbali? Nani anaweza kulibadilisha hilo?
3. Ni mahali gani pa karibu panapofaa kwa matembezi, na ni hatari gani zilizopo?
4. Wiki ijayo, nani ataleta kamba?