Baridi, Moshi na Mapafu Yetu



Kila mwaka ifikapo Juni, sisi wauguzi hupokea watoto wengi wenye kikohozi na kubanwa kifua. Wazazi husema, "Ni baridi tu." Ni kweli baridi inachangia, lakini inaye mwenzake: moshi. Leo tujifunze jinsi milima, mabonde na majira yanavyobadili hewa tunayovuta.

HEWA INAYOTUAMA BONDENI

Mji wa Njombe uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko na mabonde. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi kali. Ardhi ikipoa, hewa iliyo karibu nayo hupoa pia. Hewa ya baridi ni nzito. Huteremka polepole na kutuama bondeni kama maji. Juu yake hubaki hewa yenye joto zaidi, nayo huwa kama mfuniko wa chungu. Moshi wa majiko yetu hukutana na mfuniko huo, ukatandaa juu ya nyumba mpaka jua lipashe ardhi joto. Tazama asubuhi: moshi haupandi, unalala.

Jambo hili linaweza kuua. Mwezi Desemba 1930, katika bonde la mto Meuse, Ubelgiji, hewa ya namna hii ilizuia moshi wa viwanda kwa siku kadhaa. Watu wapatao 60 walikufa.

Makambako ni tofauti. Ni mahali pa wazi penye upepo mwingi wakati wa kiangazi. Upepo hupeperusha moshi, lakini huinua vumbi. Tena mji uko kwenye njia panda ya barabara ya Mbeya na ile ya Njombe na Songea, hivyo malori huongeza moshi wao. Mashamba yanapochomwa kabla ya mvua, wote tunakohoa. Mvua zikianza, huisafisha hewa.

HATARI KUBWA IKO NDANI

Kwa sababu ya baridi tunafunga milango na madirisha, kisha tunaota moto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama anayepika na mtoto aliye mgongoni ndio wanaoumia zaidi.

Jiko la mkaa huonekana salama kwa kuwa halitoi moshi mwingi. Kumbe hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke.

TUFANYE NINI?

1. Tusilale kamwe na jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yanaelekea kuzimika. Tujifunike mablanketi ya kutosha.
2. Tuwashe jiko nje, na jikoni tuache dirisha au tundu la kutolea moshi.
3. Tutumie kuni zilizokauka vizuri. Mabanzi mabichi hutoa moshi mwingi.
4. Watoto wachanga wakae mbali na moto wakati wa kupika.
5. Tunyunyize maji uani kabla ya kufagia, na tusichome takataka asubuhi.

Ukimkuta mtu amezidiwa na gesi ya mkaa, fungua milango, mtoe nje haraka na umpeleke hospitali. Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote.

DALILI ZA KUWAHI HOSPITALI

Mtoto akikohoa, mhesabu pumzi kwa dakika moja akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mwenye umri chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kadhalika kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje kupambazuke.

Baridi ya Njombe hatuwezi kuiondoa, lakini dirisha tunaweza kulifungua. Mwenyezi Mungu alimpulizia mwanadamu pumzi ya uhai. Tuitunze katika nyumba zetu.