Hidrojeni kwa Nguvu ya Jua: Mwongozo kwa Mafundi wa Maabara na Karakana za Likasi

Mwongozo huu ni wa mafundi na walimu wa ufundi ambao huenda wakaletewa unga unaosemwa kutoa hidrojeni ndani ya maji kwa mwanga wa jua peke yake. Unga wa namna hiyo upo kweli, nao huitwa kichocheo cha nuru. Upimeni kabla ya kuutolea pesa, na mupime bila kuumia.

Aliyefanya kazi kwenye mabeseni ya elektrolisi ya Shituru anajua nusu ya habari hii. Kwenye anodi ya risasi oksijeni hupanda pamoja na ule ukungu wa asidi unaowasha koo. Kwenye kathodi ya kobalti sehemu ya umeme hupotea kwa kutoa hidrojeni. Kichocheo cha nuru hufanya kazi zote mbili juu ya chembe moja, mwanga ukishika nafasi ya umeme. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha kwamba elektrodi ya dioksidi ya titani, kemikali inayotia weupe kwenye rangi za nyumba, ikimulikwa huvunja maji. Tatizo ni kwamba hutumia miali ya urujuanimno tu, takriban asilimia 5 ya nishati ya jua. Salfaidi ya kadmiamu hushika mwanga unaoonekana, lakini huharibiwa na mwanga huohuo, na kadmiamu ni sumu. Isiingie karakana yenu.

Kipimo cha kulinganishia ni kile cha Kazunari Domen na wenzake. Mwaka 2021 walieleza paneli za mita mraba 100 zenye titaneti ya stronti iliyotiwa alumini. Ufanisi wake wa juu ulikuwa asilimia 0.76. Kwa jua kali la adhuhuri, hiyo haifiki lita 3 za hidrojeni kwa saa kwa kila mita mraba. Anayeahidi kujaza chupa ya gesi kwa beseni moja, muagane naye mapema. Kwenye chembe hizo oksijeni hutokea juu ya kobalti, madini yetu wenyewe, ingawa kinachohitajika ni kidogo mno.

Povu si ushahidi, kwani maji yakipata joto hutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Rudieni jaribio gizani, kisha juani bila unga. Gesi ikusanywe kwenye mrija wenye vipimo uliopinduliwa majini, kisha ipelekwe maabara: hidrojeni iwe mara mbili ya oksijeni kwa ujazo. Oksijeni isipoonekana, ulizeni kilichomo majini. Mara nyingi ni methanoli. Hiyo ndiyo inayoliwa, na muuzaji husema ni maji. Na musifunike chombo kwa polikaboneti, maana huzuia urujuanimno na kuua jaribio lote.

Sasa hatari. Gesi hizo mbili zikitoka pamoja ni baruti iliyokwisha kuchanganywa. Hidrojeni huwaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, cheche ndogo ya nguo inatosha kuiwasha, na ndimi zake hazionekani vizuri mchana. Kusanyeni mililita chache tu, nje, mbali na sigara na kazi ya kuchomelea. Kamwe musiihifadhi kwenye chupa wala mfuko. Unga upimwe kwa barakoa na glavu, kwani vumbi la kobalti huleta pumu. Mezani ufutwe kwa kitambaa chenye maji, usifagiliwe. Mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula.

Karakana inayohitaji hidrojeni leo ichague paneli za kawaida za umeme wa jua na kifaa cha elektrolisi: kwa eneo lilelile itapata zaidi ya mara kumi, na kila gesi itatoka kwa mrija wake. Kichocheo cha nuru kibaki maabara, mikononi mwa wanaojua kukipima.