SOMO LA 9: MENO YA NAILONI

Mtoto wa miezi sita anaharisha. Mwili wake una joto. Hataki kunyonya. Jirani anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi. Anamwambia mama yake, "Mwenzangu, huyu ana meno ya nailoni. Mpeleke kwa mganga akayang'oe. La sivyo, atakufa."

Ndugu msomaji, huenda umewahi kusikia maneno kama hayo. Tangu miaka ya 1980 yamesikika katika vijiji vingi vya Tanzania. Wengine huyaita meno ya plastiki. Leo tujifunze ukweli wake.

Meno ya nailoni ni nini?

Mtoto huzaliwa meno yake yakiwa yamejificha ndani ya fizi. Meno ya kwanza huota anapofika miezi sita hivi. Afikapo miaka mitatu huwa na meno 20.

Ule uvimbe mweupe ni mahali pa jino la chonge ambalo bado halijaota. Mganga akilichimbua, hutoa kitu cheupe na laini. Watu husema ni nailoni. Lakini fikiri juu ya punje ya hindi bichi. Nayo ni laini, kwa sababu haijakomaa. Hilo ni jino la kweli. Halijakomaa tu.

Kwa nini mtoto anaharisha?

Katika umri huo mtoto huanza kula uji na kutambaa. Huokota vitu na kuvitia kinywani. Vijidudu vya mikono, maji na vyombo vichafu humwingia tumboni. Meno na kuharisha huja wakati mmoja, lakini meno hayaleti kuharisha. Jogoo huwika kunapokucha, lakini si yeye anayelileta jua.

Wengine husema, "Wangu aling'olewa, akapona." Mara nyingi kuharisha hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Mganga hupewa sifa isiyo yake.

Hatari yake

Mganga hutumia kisu, wembe au spoki ya baiskeli. Mtoto huweza kutoka damu nyingi, au kupata pepopunda au virusi vya UKIMWI. Jino la ukubwani lililo chini huweza kuharibika. Wakati huo wote maji yanazidi kumtoka mwilini. Watoto wamekufa kwa njia hiyo.

Fanya hivi

1. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.
2. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Huna pakiti? Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote visawazishwe juu. Usizidishe chumvi.
3. Mpeleke zahanati. Akiwa na homa, damu katika choo, macho yaliyodidimia, au akishindwa kunyonya, usingoje hata kidogo.
4. Safisha fizi zake kila siku kwa kitambaa safi chenye maji. Meno yakiota, yasugue asubuhi na usiku kwa mswaki laini. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele. Usimlaze na chupa ya chai ya sukari.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini jino changa ni laini?
2. Mtoto anayeharisha anahitaji nini kwanza?
3. Kama ungekuwa jirani wa mama yule, ungemwambia nini?