Kuseti Chaja ya Betri: Mwongozo kwa Mafundi na Waongoza Watalii wa Arusha

Mwongozo huu umeandaliwa kwa mafundi wa elektroniki, wapiga picha, walimu wa ufundi na waongoza watalii wa jiji la Arusha na maeneo ya Mlima Meru, ambao kazi zao hutegemea betri za kuchaji. Unahusu chaja ya kuseti, yaani kile kikasha chenye kioo kidogo na vitufe vinne, ambacho kilianza kwa wapenzi wa ndege na magari madogo ya rimoti kabla ya kuingia kwenye karakana. Inayofahamika zaidi ni SkyRC iMAX B6, pamoja na nakala zake nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini.

Chaja ya simu huchomekwa ikaachwa ifanye kazi yake. Chaja ya kuseti hutaka maelekezo kwanza, kisha huyafuata. Nyingi huweza kuhesabu seli, lakini hakuna inayoweza kutambua kwa uhakika betri imetengenezwa kwa kemikali gani. Kazi hiyo ni ya mtumiaji, na ndipo makosa mengi ya hatari yanapoanzia.

1. Mahali na chanzo cha umeme

Chajia juu ya zege, vigae au bati, mbali na mapazia, karatasi, mafuta na mitungi ya gesi. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu na koleo. Chumba kiwe na hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wa betri ya lithiamu una sumu. Usichaji kwenye njia ya kutokea wala chini ya kitanda.

B6 ya kawaida haichomekwi moja kwa moja kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230. Hupokea umeme wa DC wa kati ya volti 11 na 18, hivyo inahitaji adapta. Adapta ya volti 12 na ampea 5 inatosha kwa kazi ndogo na za kati. Modeli ya B6AC ina adapta ndani yake.

Unaweza pia kutumia betri ya sola au ya gari la volti 12. Angalizo: Fuso na malori mengine mengi hutumia mfumo wa volti 24, na hata baadhi ya Land Cruiser ziko hivyo. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha. Volti 24 zinaweza kuiunguza chaja ambayo kikomo chake ni volti 18.

2. Itambue betri

Soma lebo ya betri kabla ya kugusa kitufe chochote. Tafuta mambo matatu: aina, volti na ujazo wa miliampea-saa (mAh).

• LiPo na Li-ion: seli moja ni volti 3.7 au 3.6, na ikijaa hufika 4.2. Pakiti huandikwa 7.4, 11.1 au 14.8.
• LiFe, ambayo hupatikana katika taa na seti nyingi za sola za majumbani: seli ni volti 3.2 au 3.3, na hujaa kwa 3.6. Pakiti huandikwa 6.4 au 12.8.
• NiMH na NiCd, za drili za zamani na redio: seli ni volti 1.2.
• Pb, yaani betri ya gari au ya pikipiki: seli ni volti 2.

Usitegemee namba ya volti peke yake. Pakiti ya drili yenye volti 14.4 inaweza kuwa na seli 12 za nikeli, na inaweza kuwa na seli 4 za lithiamu. Volti 7.2 nayo ni hivyo hivyo: seli 6 za nikeli au 2 za lithiamu. Ukiichaji ya lithiamu kwa mpango wa nikeli, chaja itasubiri volti ishuke kidogo ndipo ijue betri imejaa. Betri ya lithiamu haitoi dalili hiyo, kwa hiyo chaja itaendelea kusukuma umeme hadi pakiti ivimbe au iwake. Lebo ikiwa imefutika na hujui betri ilitoka kwenye kifaa gani, iweke kando.

Baada ya lebo, kagua kwa macho na kwa mita. Pakiti iliyovimba, iliyotobolewa au inayotoa harufu tamu ya kemikali haichajiwi. Seli ya LiPo iliyoshuka chini ya volti 3.0 ni ya kutilia shaka, na iliyoshuka chini ya 2.5 imekufa. Usijaribu kuifufua.

3. Kuseti: mfano wa pakiti ya seli tatu

Chukua pakiti ya LiPo ya volti 11.1, 2,200 mAh. Ina waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, pamoja na plagi ndogo nyeupe yenye waya nne. Hiyo ndogo ni plagi ya balansi. Waya zake huzidi idadi ya seli kwa moja, hivyo waya nne maana yake ni seli tatu. Hesabu hiyo ikilingana na 11.1 gawanya kwa 3.7, uko sahihi.

Fuata mpangilio huu:

Kwanza, washa chaja, chagua aina ya LiPo, kisha mpango wa BALANCE. Mpango huu hulinganisha seli zote ili isiwepo inayojaa kupita wenzake.

Pili, seti mkondo. Kanuni ya usalama ni mkondo usizidi ujazo wa betri: kwa 2,200 mAh ni ampea 2.2. Seli za kompyuta mpakato zilizotumika zipewe nusu ya hapo au pungufu. Za nikeli zisipewe mkondo mdogo mno, kwa sababu chaja inaweza kushindwa kuona dalili ya kujaa.

Tatu, seti volti 11.1, na kioo kionyeshe 3S, yaani seli tatu.

Nne, chomeka waya za chaja kwenye chaja kwanza, ndipo uunganishe betri. Ukianza na betri, ncha mbili zilizo wazi zinaweza kugusana na kupiga shoti. Malizia na plagi ya balansi.

Tano, bonyeza kitufe cha kuanza na ukishikilie. Chaja itaonyesha idadi ya seli ulizoseti na ilizozihesabu yenyewe. Zikitofautiana, usithibitishe, simamisha na uanze upya.

Kwa Li-ion, fahamu kuwa katika chaja nyingi za aina hii mpango wa LiIo huishia volti 4.1 kwa seli. Betri haitajaa kabisa, lakini itadumu zaidi.

Chaja nayo ina kikomo chake. B6 ina wati 50. Pakiti ya seli 6 ikifika volti 25 itapata takriban ampea 2 tu, hata kama umeseti 5. Si ubovu, wati zimeishia hapo.

4. Inapochaji

Mwanzoni mkondo hubaki palepale huku volti zikipanda. Pakiti yetu ikikaribia volti 12.6, volti husimama na mkondo huanza kupungua hadi chaja ikate. Kipindi hicho cha mwisho huchukua muda, usikikatishe kila mara kwa kuona kinachelewa.

Fungua ukurasa wa seli kwenye kioo na uzilinganishe. Tofauti ikizidi volti 0.1 hadi mwisho, pakiti inachoka. Betri ya lithiamu isipate moto. Vuguvugu inavumilika, joto la kuunguza kiganja ni la kusimamisha mara moja.

Usiondoke ukaiacha, wala usichaji usiku umelala. Umeme ukikatika, chomoa betri, kwa sababu chaja isiyo na umeme inaweza kuinyonya taratibu kupitia plagi ya balansi. Umeme ukirudi, anza hatua zote upya.

Chaja mpya, hasa nakala, ijaribiwe. Ikimaliza kuchaji, pima pakiti kwa mita unayoiamini. Seli ikizidi volti 4.25, chaja hiyo haifai.

Moto ukizuka, kata umeme, mwaga mchanga ikiwa unaweza kufika bila kuvuta moshi, toka nje na upige 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

5. Mlimani na safarini

Wanaopandisha wageni Meru (mita 4,566) wachaji kila kitu kabla ya kufika lango la Momella. Katika Saddle Hut, yapata mita 3,500, usiku hukaribia nyuzi sifuri, na kuelekea kilele baridi huzidi. Betri ya lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi sifuri: metali ya lithiamu hujikusanya ndani ya seli na kuiharibu moja kwa moja. Betri za taa na redio zikae ndani ya koti au mfuko wa kulalia. Zikirudi zimepoa, zipewe muda zifike joto la chumba kabla ya kuchajiwa.

Kinyume chake, usichaji juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani.

Kwa wanaopanda ndege Kisongo au KIA, betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye begi la mkononi, ncha zikiwa zimezibwa. Kikomo cha kawaida bila ruhusa ya shirika ni wati-saa 100. Zidisha volti kwa ampea-saa: 11.1 mara 2.2 ni 24.4, hivyo pakiti yetu inapita.

6. Kuhifadhi, kuandika na kutupa

Betri ya LiPo isiyotumika kwa wiki kadhaa isiachwe imejaa wala tupu. Mpango wa STORAGE huiweka karibu volti 3.8 kwa seli.

Ipe kila pakiti namba, na uandike katika daftari tarehe, mAh zilizoingia na volti za kila seli. Mali bila daftari hupotea bila habari: pakiti ya 2,200 mAh iliyokuwa ikitumika hadi kuisha na sasa inapokea 1,300 tu imeshakuambia umri wake.

Betri mbovu isichomwe wala kutupwa jalalani. Ihifadhiwe mahali pakavu, ncha zikiwa zimezibwa kwa tepu, kisha ikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka za elektroniki mwenye kibali.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake. Kwa karakana na kampuni ya utalii, hatua rahisi ya kuanza nayo ni kumteua mtu mmoja anayesimamia chaja na daftari, na kubandika ukutani agizo moja lisilo na mjadala: betri usiyoijua aina yake, usiichaji.